Reli ya Milimita 381

Mara ya kwanza nilipowapeleka wanangu kupanda treni ndogo ya bustani ya Großer Garten, hapa Dresden, Ujerumani, treni iliondoka bila sisi. Tiketi tulikuwa nazo mkononi, nafasi kwenye mabehewa zilikuwapo, na tulikuwa tumesimama kwenye foleni kwa karibu nusu saa. Lakini kichwa cha treni kilipokaribia jukwaa na kupiga mlio wake wa mvuke, mwanangu mdogo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu kasoro miezi miwili, aliniparamia shingoni na kulia kwa sauti iliyowafanya hata abiria wa mabehewa ya nyuma wageuke. Dada yake wa miaka mitano alisimama kati yetu na treni, akitutazama sisi kisha akiitazama treni, machozi yakimlengalenga, kwa sababu yeye alitaka kupanda. Sikumlazimisha mdogo. Tulikaa kwenye benchi, treni ikaenda zake, nasi tukabaki tukiusikiliza mlio wake ukififia nyuma ya miti.

Wazazi wengi ninaowafahamu wangeihesabu siku ile kuwa imeharibika. Kwangu mimi, hapo ndipo jambo lilipoanza. Mtoto yule alikuwa ameelewa kitu ambacho sisi watu wazima tulikisahau kwa sababu ya udogo wa treni yenyewe, nacho ni kwamba kilichosimama mbele yake hakikuwa kitu cha kuchezea. Alichokiona ni chombo cha chuma chenye moto tumboni, kizito kuliko gari lolote linaloegeshwa mtaani kwetu, kinachonuka makaa na mafuta, na kinachokuja upande wake. Aliogopa kwa haki. Tangu siku ile nimeamini kwamba anayetaka kumpandisha mtoto mdogo treni ya bustani hana budi kuichukulia treni hiyo kwa uzito uleule anaoupa mtoto.

Na treni hii inaustahili uzito huo. Wenyeji huiita Parkeisenbahn, yaani reli ya bustani. Upana wake kutoka reli moja hadi nyingine ni milimita 381, zaidi kidogo tu ya rula ya mwanafunzi, na kipimo hicho kina asili yake. Ni inchi 15 kamili, na aliyekitetea ni Mwingereza Sir Arthur Heywood, ambaye mwaka 1874 alianza kujenga reli ya majaribio kwenye eneo la nyumba yake huko Duffield Bank, akitaka kuthibitisha kwamba huo ndio upana mdogo kabisa unaoweza kubeba watu na mizigo kwa kazi halisi. Heywood hakuwa akifikiria burudani za watoto; alifikiria mashamba makubwa na kazi za jeshi. Hata hivyo kipimo chake kilipata makao ya kudumu katika bustani na viwanja vya maonyesho. Vichwa viwili vya mvuke vya Dresden, Lisa na Moritz, vilijengwa mwaka 1925 na kiwanda cha Krauss cha Munich, kwa usanifu wa mhandisi Roland Martens, vikiwa na theluthi moja ya ukubwa wa vichwa vya treni za abiria za reli kuu. Vichwa vya aina hiyohiyo vilipelekwa pia Vienna, kwenye reli ya bustani ya Prater iliyofunguliwa mwaka 1928.

Njia inazunguka bustani kwa urefu wa kilomita 5.6, ikipitia stesheni tano, mojawapo karibu na bustani ya wanyama na nyingine kando ya ziwa dogo la Carolasee. Mzunguko mzima unachukua takriban nusu saa. Kwa mtoto wa miaka mitatu, nusu saa ni safari ya kweli: anaondoka mahali anapopajua, anapita mahali asipopajua, anaanza kusahau alikotoka, na ghafla anaona tena jukwaa lilelile na benchi lilelile. Binti yangu alipouliza kwa nini tumerudi wakati treni haikugeuka, nilimchorea duara kwa kijiti kwenye mchanga, naye akalifuata kwa kidole mara tatu kabla ya kukubali.

Lakini nimetangulia. Kabla ya kupanda, tulikwenda bustanini mara mbili bila kununua tiketi. Tulitafuta mahali ambapo reli inakata njia ya waenda kwa miguu, tukasimama hatua kumi nyuma, nikamfundisha mdogo kuziba masikio kwa viganja, na tukasubiri. Mara ya kwanza alijificha nyuma ya sketi yangu. Mara ya pili alijificha, lakini jicho moja akaliacha nje. Nawasihi sana wazazi wasiruke hatua hii. Mtoto mdogo hutaka kulizoea jambo kubwa akiwa mbali, kwa muda anaoupanga yeye, na akiwa na hakika kwamba anaweza kuondoka. Ukimnyakua na kumweka ndani ya behewa huku ukimwambia kwamba hakuna cha kuogopa, utakuwa umemwambia jambo ambalo masikio yake mwenyewe yanalikanusha.

Safari yetu ya kwanza tuliifanya nyuma ya kichwa cha umeme. Reli hii ina vichwa viwili vinavyotumia betri, kimoja cha mwaka 1962 na kingine cha mwaka 1982, na wapenzi wa mvuke huwa wanavipita bila kuviangalia. Mimi naviheshimu kwa dhati. Vinaondoka taratibu, bila mshtuko na bila moshi, na kwa mtoto anayeogopa kelele, kichwa cha namna hiyo ni mlango wa kuingilia. Tulikaa behewa la nyuma, mdogo akiwa katikati yangu na dada yake, si pembeni, kwa sababu mabehewa yako chini sana na majani ya kando ya njia yanapita karibu, na mkono wa mtoto wa umri huo hutoka nje kabla ya akili yake kujua. Nilikuwa nimewapeleka msalani kwanza, kisha nikawapa ndizi kila mmoja tulipokuwa tukisubiri, maana njaa na haja ndogo ndizo zinazovunja safari za watoto kuliko hofu. Sweta nilizibeba ingawa jua lilikuwa kali, kwa sababu upepo wa kwenye behewa lililo wazi, chini ya miti mikubwa, si upepo wa jukwaani. Simu niliizima. Nilitaka wanangu wakigeuka kuniangalia wakute macho yangu, wala si mgongo wa kifaa, kwa kuwa mtoto akiwa mahali pageni husoma uso wa mzazi wake ili ajue kama mambo ni salama.

Kisha akaja mkagua tiketi.

Hapa ndipo reli ya Dresden inapotofautiana na treni nyingine nyingi za bustani nilizoziona. Mkagua tiketi wetu alikuwa msichana wa umri wa kama miaka kumi na miwili, amevaa sare na kofia ya reli, nywele amezisuka mkia mmoja, na begani amening'iniza mkoba wa ngozi. Sehemu kubwa ya kazi za reli hii inafanywa na wanafunzi: wao huuza tiketi, huzikagua, husimamia majukwaa na kutoa ishara ya kuondoka, huku watu wazima wakiwasimamia na kuendesha vichwa vya treni. Msichana yule alianza na binti yangu, akapokea tiketi, akaitazama, akaitoboa, akairudisha na kushukuru. Kisha akamgeukia mdogo. Mimi nilikwisha kunyoosha mkono kumpa tiketi ya mtoto, kama nifanyavyo kila siku kwenye tramu, lakini yeye hakuipokea kwangu. Alichutama mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya mwanangu, akamwambia kwa Kijerumani, kwa adabu ambayo mtu huitumia kwa abiria: “Tiketi yako, tafadhali.”

Mwanangu alinitazama. Nilimpa tiketi yake, naye akampa msichana. Ilipotobolewa, alisikia mlio mdogo wa chuma, akaona duara la karatasi likianguka, akarudishiwa tiketi yenye tundu. Aliishika kwa mikono miwili hadi mwisho wa safari. Sijui kama nitaweza kueleza vizuri nilichokiona usoni mwake. Mtoto wa miaka mitatu huongelewa juu ya kichwa chake siku nzima; huvalishwa, hubebwa, husogezwa, na mambo yake huulizwa mama. Pale alikuwa ameulizwa yeye. Hakucheka wala hakuona haya, ila alikaa sawasawa kama mtu mwenye jambo lake.

Wazo la kuwapa watoto reli waiendeshe lilianzia Umoja wa Kisovieti katika miaka ya 1930, na baada ya Vita Kuu ya Pili likaenea katika nchi za Ulaya ya Mashariki. Reli ya watoto ya Budapest, iliyoanza mwaka 1948, ina urefu wa kilomita 11.2 katika vilima vya mji huo, na watoto wanaoihudumia wana umri wa miaka 10 hadi 14. Ya Dresden ilifunguliwa tarehe 1 Juni 1950, Siku ya Watoto. Tarehe hiyo inapaswa kusomwa pamoja na nyingine: Februari 1945 mji huu uliteketezwa kwa mabomu, na Großer Garten, bustani iliyoanzishwa mwaka 1676, ilipigwa pamoja na mji. Jumba la kifalme lililo katikati yake liliungua. Miaka mitano tu baadaye, watu ambao wengi wao walikuwa bado hawana nyumba za kutosha waliweka reli ya watoto katika bustani hiyo. Serikali ya Ujerumani Mashariki ilikuwa na makusudi yake, kwani ilitaka kulea wafanyakazi wa reli wa kesho na vijana watiifu kwa chama, na kwa muda mrefu reli ilibeba jina la jumuiya ya watoto ya dola ile. Jina hilo liliondoka mwaka 1990. Watoto hawakuondoka, na kwangu hilo ndilo la thamani: kwamba nchi ilipobadilika, hakuna aliyeona sababu ya kuwanyang'anya watoto kazi waliyokuwa wakiifanya vizuri.

Nimewahi kuwapandisha wanangu treni nyingine, zile zenye matairi ya mpira zinazozunguka ndani ya maduka makubwa huku zikipiga nyimbo za katuni, na sina ugomvi na mzazi anayetafuta dakika tano za kupumzisha miguu. Watoto walishuka wakiwa na furaha. Lakini hawakuuliza swali hata moja, siku ile wala siku iliyofuata, kwa kuwa hapakuwa na cha kuuliza: hapakuwa na reli, hapakuwa na mahali pa kwenda, hapakuwa na mtu mwenye kazi isipokuwa kijana aliyekusanya pesa akiwa ameinamia simu yake. Baada ya safari ya Großer Garten, binti yangu aliuliza maswali mpaka nikaishiwa majibu. Kwa nini treni haianguki kwenye kona? Kwa nini kuna mawe chini ya reli? Nani anajua kwamba treni nyingine haiji? Hayo ni maswali ya uhandisi, na anayeyauliza ana miaka mitano.

Majibu yalikuja na mama yangu, aliyetutembelea kiangazi cha mwaka 2025. Yeye ni mtoto wa reli na mjane wa reli. Baba yangu alikuwa stesheni masta wa stesheni ndogo magharibi ya Tabora, kwanza chini ya Reli ya Afrika Mashariki, kisha chini ya Shirika la Reli Tanzania lilipoundwa mwaka 1977, na mama aliishi miaka mingi katika nyumba ya reli ambayo ukuta wake ulitetemeka kila treni ilipopita. Ili aje kwetu alipanda basi hadi Dodoma, na kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam akapanda treni ya umeme ya reli mpya, iliyoanza kuhudumia kipande hicho mwaka 2024. Reli hiyo ina upana wa milimita 1,435. Ile aliyoishi nayo maisha yake yote ina milimita 1,000. Nilipomwambia kwamba Jumamosi tunakwenda kupanda ya milimita 381, alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Mimi nimezaliwa kando ya reli ya Mjerumani. Nataka kuiona hiyo aliyowawekea watoto wake.”

Alisema hivyo bila uchungu katika sauti, lakini mimi niliusikia uzito wake. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na waliobeba mataruma na kupasua mawe ni watu wetu, wengi wao si kwa hiari. Haikuwekwa kwa ajili ya watoto wa mtu yeyote. Watoto waliifanya kuwa yao baadaye, wakiuza karanga, maembe na asali madirishani, wakijua saa ya treni kuliko waliokuwa na saa mkononi. Mama alikuwa mmoja wao.

Jukwaani alisalimiwa na wajukuu waliokwisha kumtangulia kwa mbio. “Shikamoo, bibi! Inakuja!” “Marahaba, wanangu. Mume wangu, njoo unishike mkono,” alimwambia mdogo, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na mdogo akaja kumshika, ingawa nilijua ni yeye aliyehitaji kushikwa. Siku hiyo kichwa kilikuwa cha mvuke. Mama hakukiangalia kama mtu anayeangalia kitu cha kupendeza, alikikagua. Alitembea taratibu kando yake, akawaonyesha watoto magurudumu na kuyahesabu pamoja nao upande mmoja: madogo mawili mbele, makubwa matatu katikati, moja nyuma. “Na upande ule?” Binti yangu alikimbia kuchungulia, akarudi. “Sita vilevile!” “Basi kumi na mawili. Madogo ya mbele yanaongoza kwenye kona, makubwa yanavuta, la nyuma linabeba uzito wa jiko.” Swali la kona lilikuwa limejibiwa, angalau kwa mwanzo wake.

Kisha akawaeleza habari za mvuke, na mimi, niliyesoma fizikia mpaka kidato cha sita, nilisikiliza. Aliwaambia wakumbuke birika la chai nyumbani, jinsi kifuniko kinavyorukaruka maji yakichemka. “Kinachokirusha ni mvuke, unatafuta pa kutokea. Sasa hapa wameufungia, wakauachia kijia kimoja tu, na kwenye kijia hicho wameweka chuma kinachosukumwa. Chuma kinasukuma mkono huu, mkono unazungusha gurudumu.” Aliwaonyesha mkono wa chuma unaounganisha magurudumu makubwa, uliong'aa kwa mafuta. Akawaambia wasikilize treni itakapoondoka, kwa kuwa kichwa cha silinda mbili hupumua mara nne kila gurudumu kubwa linapozunguka mara moja. Tulipoondoka wote wanne tulikuwa kimya tukihesabu. Mwanzoni iliwezekana: moja, mbili, tatu, nne. Baada ya mita chache magurudumu yale madogo yalikuwa yakizunguka haraka kuliko ulimi wa mtoto, na pumzi zikaungana kuwa mngurumo mmoja, naye binti yangu akacheka kwa kushindwa.

Nilikuwa nimedhani kwamba kila kitu kwenye treni hii kimepunguzwa mara tatu. Mama ndiye aliyenisahihisha, akiwa amekaa magoti yakikaribia kidevu, kanga ameifunga kichwani kuzuia masizi. Alisema mabehewa wameyapunguza, reli wameipunguza, lakini moto haupunguziki. Maji yanachemka kwa joto lilelile, mvuke unaunguza vilevile, na dereva akizembea kuangalia maji kwenye boila, hatari inayomkabili ni ileile ya dereva wa kichwa kikubwa. Kwa hiyo, alisema, hao watoto waliovaa kofia hawaigizi.

Ilibaki hofu ya mlio, ambayo mdogo alikuwa ameivumilia tu bila kupona. Treni ilipokaribia njia ya waenda kwa miguu, ikapiga, naye akajikunyata. Mama alimwinamia. “Unajua inasema nini? Inabisha hodi. Kuna watu hapo mbele, treni haiwezi kupita kwao bila hodi.” Mtoto alifikiri. Katika nyumba yetu, hata ughaibuni, tumeshika desturi ya kupiga hodi mlangoni, na watoto hugombania nafasi ya kujibu. Kwenye njia iliyofuata mlio ulipopigwa, mwili wake ulishtuka kwanza, halafu mdomo ukafunguka: “Karibu!” Kwenye njia ya tatu hakushtuka kabisa. Aliitika kwa sauti kubwa, dada yake akamfuata, na mzee mmoja Mjerumani wa behewa la mbele akageuka na kutupungia mkono.

Siku hiyo mkagua tiketi alikuwa mvulana mwembamba, labda wa miaka kumi na mitatu, mwenye sura ya kutotaka kukosea. Alituuliza watoto wanasema nini. Nilimweleza, naye akalichukulia jambo hilo kikazi: akasema kwamba kanuni inataka mlio upigwe kabla ya njia, hata kama hakuna mtu anayeonekana. Nilipomtafsiria mama, alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia nimwulize yule kijana anajuaje kwamba njia ya mbele ni tupu. Kijana alinyoosha mkono kuonyesha taa za ishara kando ya reli, akaeleza kwa kirefu, kwa maneno ya kazi ambayo baadhi yake mimi mwenyewe sikuyajua kwa Kijerumani. Nilitafsiri nilichoweza. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa Kiswahili, akimtazama usoni, kwamba marehemu mume wake alikuwa akijibu swali hilo kila siku kwa bendera, taa ya mkononi na simu ya kuzungusha, na kwamba hakuwahi kulala kabla treni ya mwisho haijaripotiwa kufika stesheni inayofuata. Nilipomaliza kulitafsiri hilo, kijana aliigusa kofia yake.

Hapo nilitamani baba angekuwapo. Nilitamani pia kwamba kwetu tungekuwa na kitu cha namna hii, na bado natamani. Wazazi walioko Nairobi wana Makumbusho ya Reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971, ambako mtoto anaweza kusimama kando ya kichwa kikubwa cha mvuke cha aina ya Garratt, cha daraja la 59, chenye magurudumu yanayompita urefu, kichwa kilichojengwa Manchester katika miaka ya 1950 na kupewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Nami huwasihi jamaa zangu wa huko wawapeleke watoto, wasisubiri safari ya shule. Lakini kichwa kilichopoa hakijibu maswali yote. Tabora na Morogoro kuna wastaafu wa reli ambao bado wanajua kuwasha moto wa boila na kusoma ishara, na wajukuu wao wanazijua treni kwa picha za simu. Mita mia chache za reli nyembamba katika uwanja wa mji, kichwa kimoja hata cha betri, na wazee kumi wa kuwafundisha watoto, hazizidi uwezo wa halmashauri inayojenga stendi ya mabasi. Nasema hivi nikiwa na hakika, kwa sababu nimeona ni watu wa hali gani walioianza ya hapa.

Mwisho wa mzunguko, abiria waliposhuka, mdogo hakutaka kuondoka. Alimvuta bibi yake hadi mbele, akasimama umbali wa hatua tatu kutoka kwenye kichwa cha treni, tiketi yenye tundu ikiwa imekunjwa ndani ya ngumi. Dereva, mwanamke wa makamo mwenye masizi mpaka kwenye nyusi, alimwona, akafungua kidogo mlango wa tanuri. Mwanga wa rangi ya machungwa ulimpiga mtoto usoni. Hakurudi nyuma. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa Kiswahili, na mimi nikamwuliza dereva kwa Kijerumani, moto huo hulala wapi usiku.

Dereva alijibu kwamba jioni huuacha upungue, na asubuhi anayeendesha huamka mapema sana kuuwasha tena, kwani maji huchukua saa kadhaa kupata nguvu. Nilimweleza mwanangu hivyo, lakini bibi yake alikuwa amekwisha kuchutama kando yake, akimwonyesha kwa viganja jinsi mama yake mwenyewe, huko Tabora, alivyokuwa akiyafukia makaa kwa majivu usiku, ili asubuhi yawepo.